Mwongozo kamili: kuongoza matembezi ya asili na historia Ujiji bila watu kuishia njiani

Nimeandika hii kwa sababu watu wanafeli palepale. Nimeongea na vijana kama wanne hivi, wawili wa hapa Ujiji na wawili wa Kigoma mjini, kila mmoja kaanzisha matembezi kwenye bustani ya mtaa wake, wiki ya kwanza wanakuja watu kumi na tano, wiki ya pili sita, ya tatu hamna mtu. Nikiwauliza mlifanyaje jibu ni lilelile, tulianza saa nne, tukasimama sehemu kumi na nne, tukawaeleza kila kitu.

Shida iko hapo kwenye kila kitu. Mtu akisimama juani akimwagiwa tarehe hashiki hata moja, ila ukimuonyesha kitu kimoja kwa macho alafu ukamwambia habari ya kitu hicho tu, anaenda kumsimulia jirani yake.

Mifano yangu ni ya Ujiji, bustani yenye miembe na michikichi inayoshuka mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wa Tabora mna kijiji cha Kwihara na miembe yenu ya njia ya misafara ya zamani, hatua ni hizihizi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari na kalamu, sio simu peke yake, simu inaisha chaji.
- Saa yenye kuonyesha dakika.
- Filimbi moja.
- Kadi ngumu sita za ukubwa wa kiganja.
- Picha mbili tatu zilizoprintiwa kubwa na kupigwa leminesheni, ikiwemo ramani ya ziwa.
- Kisu kidogo na kitambaa cha kufutia mikono.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: glavu, plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, paketi za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini).
- Maji ya kunywa, angalau nusu lita kwa kila mtu, na uwaambie waje na yao pia.
- Karatasi ya majina na namba ya ndugu wa kila mgeni.
- Msaidizi mmoja wa kutembea nyuma kabisa. Huyu usimuache hata kama wageni ni watano.

Spika ya kubeba begani sijaiweka makusudi. Ukihitaji spika ujue watu ni wengi mno.

## Hatua ya 1: Ruhusa

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, alafu ofisi ya manispaa inayohusika na utalii na utamaduni. Waeleze mnapita wapi, saa ngapi, watu wangapi. Kama utatoza pesa, hasa kwa wageni wa kutoka nje ya nchi, uliza habari ya leseni siku hiyohiyo, kwa sababu biashara ya utalii inaendeshwa kwa leseni kisheria na hutaki kuulizwa karatasi mbele ya wageni wako.

Eneo la kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti aliyekutwa hapa na mwandishi wa habari Stanley, lina wahudumu wake na utaratibu wake wa kiingilio. Usiingize kikundi kimyakimya ukidhani ni uwanja wa wazi. Nenda siku moja kabla, ongea na mhudumu, ikiwezekana mpange yeye ndiye aongee pale ndani na wewe uendelee nje.

Na ufukweni pia kuna wenyewe. Kina mama wanaoanika dagaa wako kazini, hawajaja kutazamwa. Fika, shikamoo kwa wakubwa, habari za kazi kwa wengine, waulize kama mnaweza kupita na watu na kama picha zinaruhusiwa, wakikataa picha basi kamera zinarudi mfukoni. Utajua umefaulu hatua hii pale mtu wa ufukweni atakapokuambia mwenyewe "siku hiyo mje mapema ndo tunakuwa tumetoa mzigo".

## Hatua ya 2: Tembea njia mara tatu peke yako

Mara ya kwanza asubuhi, ya pili jioni, ya tatu baada ya mvua. Andika kila mara: kivuli kiko wapi, matope wapi, mbwa wapi, kelele za bodaboda wapi.

Kuna kosa la saa ambalo nimeliona mara nyingi. Mtu anakopi ratiba ya Dar, anaandika tunaanza saa kumi na mbili na robo asubuhi, wageni wanafika bado giza. Sisi tuko magharibi mwisho kabisa wa nchi lakini saa ni moja na ya Dar, kwaiyo huku jua linachomoza karibu na saa moja na linazama karibu na saa moja jioni. Asubuhi anza saa moja na nusu umalize kabla ya saa tatu na nusu, jioni anza saa kumi na moja na nusu umalizie ufukweni jua likishuka juu ya milima ya Kongo. Mi napenda jioni, sababu nitaieleza chini.

Msimu nao uangalie. Juni mpaka Septemba ni pakavu, Novemba kuendelea mvua za mchana zinakuja na radi nzito, na watu wakiona mvua kitu cha kwanza wanakimbilia chini ya mwembe. Radi ikianza kunguruma hakuna kusimama chini ya mti, kwaiyo kwenye kutembea kwako huku peke yako chagua nyumba mbili au shule au msikiti ambako mtakimbilia, na uwe umeshaomba.

Urefu wa njia: pima kilomita moja na nusu, kwa programu ya simu au kwa hatua zako. Hiyo namba ina kazi kwenye kituo cha mwisho, ishike.

## Hatua ya 3: Chagua vituo sita, basi

Sita. Kila kituo dakika nane mpaka kumi, kutembea katikati yake dakika tano tano, jumla hamzidi saa moja na nusu. Kituo kinastahili kuitwa kituo kama kuna kitu cha kuona, kugusa, kunusa au kusikia. Kama kuna habari tu na hakuna kitu, sio kituo, hiyo habari itafutie kitu cha kuishikiza au iache.

Vyangu mimi ni hivi: mwembe mkubwa kwenye kona, mchikichi, mnara wa kumbukumbu, mahali ziwa lilipofika zamani, kichanja cha dagaa, na mwisho ukingo wa maji.

Cha nne wengi wanakishangaa. Ukisimama kwenye mnara leo ziwa liko mbali kidogo, na mgeni yeyote mwenye akili atakuuliza mbona wanasema ilikuwa bandari. Jibu ni kwamba wakati wa Livingstone maji yalikuwa juu zaidi. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, Malagarasi upande wetu na Rusizi kaskazini, ila linatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mto huo ulikuwa umeziba. Mwaka 1878 hivi ukazibuka, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Wapeleke mahali ardhi inapoanza kuinama, wasimame wawili juu na wawili chini, waone wenyewe mita chache za kushuka zinaacha wazi eneo kubwa kiasi gani.

Alafu miaka ya karibuni maji yamepanda tena, nyumba na njia za ufukweni zimefunikwa. Hii si ya kusimulia kwa furaha maana kuna watu wamepoteza sehemu zao, ila isimulie. Na wewe mwenyewe kagua siku moja kabla, kituo cha ufukweni cha mwaka juzi kinaweza kuwa ndani ya maji leo.

## Hatua ya 4: Hakiki maneno yako kabla hujayatamka

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Matembezi yangu ya pili nilisimama mbele ya miembe ya pale kwenye kumbukumbu nikasema kwa sauti "huu ndio mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake". Mzee mmoja kwenye kikundi akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, ule mwembe ulikufa mimi sijazaliwa." Alikuwa sahihi. Miembe iliyopo inasemekana ni vizazi vya ule wa kwanza, na maandishi ya kwenye mnara yenyewe yanasema mwembe *uliokuwepo* hapo. Kuanzia dakika ile kila nilichosema watu walikuwa wanamtazama mzee kwanza waone kama anaitikia.

Kwaiyo haya ndiyo ya kushika kwa kituo cha kumbukumbu:

Tarehe ya kwenye mnara ni 10 Novemba 1871, ambayo ndiyo ya Stanley. Diary ya Livingstone inaweka tukio mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku safarini. Sema hivyohivyo, "mnara unasema hivi, diary inasema vile", wageni wanapenda kujua kwamba historia inahojiwa.

Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, akapitia Tabora. Njia hiyo ya misafara, Bagamoyo mpaka hapa, ni kama kilomita 1,200. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walishafika Ujiji Februari 1858, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa hapa kabla yao wote, kwaiyo usiseme mzungu "aligundua" mji ambao alikuta una soko.

Wataje waliobeba. Aliyetoka mbio kumpokea Stanley ni Susi, mtu wa msafara wa Livingstone. Livingstone alipokufa Mei 1873 huko ambako sasa ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao ndio waliokausha mwili wake na kuubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Nikisema hili kikundi kinanyamaza kila mara.

Na utumwa. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walipita hapahapa Ujiji, wengi wakitokea ng'ambo Manyema. Kwenye kikundi chako cha Ujiji kuna uwezekano mkubwa kuna mjukuu wa aliyetekwa na mjukuu wa aliyefanya biashara hiyo, wanakaa mtaa mmoja, wanazikana. Simulia njia, mzigo, minyororo, soko la Zanzibar lililofungwa 1873, ila usinyooshee kidole kabila wala dini, na usiwafanyishe watoto maigizo ya kufungwa kamba. Nimeona ikifanyika, mtoto mmoja alilia na mama yake hakurudi tena, na mimi nilimuelewa.

Hadithi za wazee zichukue kwa adabu. Nenda nyumbani kwake, amkia, kaa, muache amalize chai, omba ruhusa kabla hujarekodi. Akikuambia kitu ambacho vitabuni hakipo, kwenye matembezi sema "wazee wa hapa wanasimulia kwamba", hapo hujadanganya na hujamtupa mzee.

## Hatua ya 5: Kadi moja kwa kila kituo

Juu ya kadi andika wanachokiona. Chini yake swali moja. Chini yake habari mbili tu. Mwisho sentensi ya kuwahamisha. Kama haitoshi kwenye kadi, umeweka mno.

Kadi yangu ya mchikichi inaenda hivi. Nachukua chikichi moja lililoiva, lile jekundu lenye kuelekea rangi ya chungwa, bila kusema neno nalikata kwa kisu katikati ya watu. Nyama ya nje inatoa mafuta, vidole vyangu vinakuwa njano, halafu kisu kinagonga kitu kigumu na kinagoma. Namzungushia kila mtu aguse lile gamba. Ndipo nauliza: mafuta yanatoka wapi, nje au ndani?

Nusu wanasema nje, nusu ndani, na wote wamepata. Nyama ya nje inatoa mawese, kokwa ya ndani inatoa mafuta ya mise. Habari ya pili: michikichi mingi ya zamani ya huku ina gamba nene na nyama nyembamba, ndiyo maana kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha miche ya tenera, ambayo gamba lake ni jembamba na nyama nene, mafuta yanakuwa mengi kwa chikichi lilelile. Ukipata matunda ya aina zote mbili ukayakata uyaweke kwenye kiganja kimoja, huna haja ya kueleza tena.

Hapo sasa angalia kina mama kwenye kikundi. "Mama, nyumbani mnakamuaje?" Akianza kueleza alivyokuwa anatwanga na bibi yake, wewe nyamaza. Umefaulu kituo hicho, na kama amezidisha dakika tatu zitoe kwenye maneno yako, sio yake.

## Hatua ya 6: Zoezi na saa, mbele ya watu wanaokupenda na mmoja asiyekupenda

Chukua watu wanne, wapitishe njia nzima, msaidizi aandike dakika za kila kituo. Karibu kila mtu anazidisha mara mbili siku ya kwanza. Usiongeze kasi ya kuongea, kata habari. Alafu siku inayofuata waulize wamekumbuka nini bila kuwasaidia. Kituo ambacho hakuna aliyekitaja, kibadilishe kitu chake au kiondoe.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mwisho watu kumi na tano. Wakija ishirini na tano gawa makundi mawili ya saa tofauti, kwa sababu mtu wa nyuma asiposikia ataanza simu, na simu moja ikitoka zinatoka zote.

Kabla ya kuondoka sema mambo manne kwa dakika mbili: mnatembea muda gani, choo kiko wapi (njiani hamna), filimbi moja maana yake simameni na mbili maana yake njooni kwangu, na hakuna kuingia majini. Hilo la maji toa sababu zake maana watoto wa hapa wanaogelea kila siku na watakubishia, kwenye maji ya kina kifupi kuna kichocho, na kando za ziwa letu mamba na kiboko wapo. Kikundi chako kiko mikononi mwako hata kama mtoto nyumbani kwao anaruhusiwa.

Ukisimama kuongea, wewe ndiye utazame jua, wao walipe mgongo. Subiri msaidizi wa nyuma akuinulie mkono ndipo uanze. Hesabu watu kila mnapoondoka kituoni, kwa kimya, kwa macho.

Ukiona ndege, acha kadi. Furukombe akilia juu ya ziwa au mdiria akasimama hewani kabla hajajirusha majini, waache watazame mpaka waridhike, hakuna habari yako ya mwaka wowote itakayoshinda hiyo.

Kwenye kichanja cha dagaa waonyeshe tofauti, waliokaushwa kichanjani na wanaoanikwa mchangani, waonje au wasugue mkononi wasikie mchanga. Nunueni. Kikundi cha watu kumi na tano kikipita kwenye kazi ya mtu bila kununua hata fungu moja, mwezi ujao hamtapokewa. Ila ujue kalenda: mwaka 2024 uvuvi ulipumzishwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, na kipindi kama hicho vichanja vinakuwa vitupu, kwaiyo uwe na kadi ya akiba, mi naweka ya utengenezaji wa mitumbwi.

Sasa sababu ya kupenda jioni. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, na mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki kwa sababu dagaa hawafuati taa vizuri. Angalia mwezi kabla ya kupanga tarehe, chagua siku za giza. Mkifika ukingoni mwa maji jua linazama, mnaviona vipe, vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinatoka kimoja baada ya kingine, na dakika chache baadaye taa zinaanza kuwaka huko mbali.

Hapo ndipo unapotoa ile namba ya hatua ya 2. Waambie wageuke watazame nyuma, kule mlikotoka, mwembe wa kwanza hata hauonekani. Waambie umbali wote ule waliotembea kwa miguu, ndio kina cha ziwa hili kwenda chini, mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Usiongeze neno. Mimi huwa nakaa chini mchangani na kuwaacha.

## Hatua ya 8: Kabla hawajatawanyika

Usigawe fomu. Uliza swali moja tu kwa watatu: ukifika nyumbani utasimulia nini? Andika majibu kama yalivyo, usiyasahihishe. Hesabu watu mara ya mwisho, hakikisha watoto wana wa kurudi nao, pigia simu bajaji kwa wazee kabla giza halijaingia vizuri.

Kesho yake asubuhi rudi pale mlipopita na mfuko, okota chupa na maganda, ya kwenu na yasiyo yenu, na ukimkuta yule mama wa dagaa muulize jana watu wako walikuwaje. Atakachokuambia kiandike kwenye kadi ya kituo chake kwa kalamu nyekundu.